Pikipiki Inapolia Alfajiri: Sauti za Injini Iliyolala na Oili Iifaayo

Kabla jua halijachomoza baharini, mji wa Malindi huamka kwa sauti mbili. Ya kwanza ni ya muadhini. Ya pili ni ya pikipiki. Kutoka Shela hata Maweni, vijana huzitoa pikipiki katika vyumba zilimolala kwa hofu ya wezi, huzipiga kiki au kubonyeza kitufe, kisha husimama kidogo wakisikiliza. Nyingine hunguruma mara moja kwa utulivu. Nyingine hulia kwanza, cha-cha-cha, au ti-ti-ti, ndipo zitulie. Na nyingine hazitulii.

Sauti hizo si jambo la kupuuzwa. Katika Kaunti ya Kilifi, tangu Mtwapa hata Marereni, na tangu ufuoni hata Ganze na Bamba, pikipiki ndiyo inayompeleka mgonjwa zahanati, mtoto shuleni, gunia la mahindi sokoni na karani ofisini kwake. Kazi hii ya bodaboda ilianza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, katika miaka ya 1960. Lakini ilienea hasa baada ya mwaka wa 2008, serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo. Tangu hapo nyumba nyingi ambazo hazikuwahi kumiliki chombo cha moto zimepata cha kwanza. Kwa hiyo injini ikifa, hakikufa chuma peke yake; hufa karo ya shule, hufa unga wa jioni, na mara nyingi linalobaki hai ni deni.

Na ufikiriwe mfano wa mkulima wa Marafa, aliyeuza mbuzi wake na korosho za msimu mzima, akamnunulia mwanawe pikipiki iliyokwisha kutumika ili akabebe abiria Malindi. Miezi michache ikapita, injini ikaanza kulia kila asubuhi. Wenzake kituoni wakamwambia, "Tia oili nzito, ndugu, itanyamaza." Ushauri huo husikika katika vituo vingi, nao una hatari kwa sababu una ukweli ndani yake: oili nzito huweza kweli kuinyamazisha injini. Lakini kunyamaza si kupona. Mtoto mgonjwa aliyeacha kulia huenda amepata nafuu, na huenda amezidiwa. Yampasa mzazi kumtazama kwanza.

BARIDI YA INJINI SI BARIDI YA HEWA

Mafundi husema injini hulia "ikiwa baridi," na neno hilo huwapoteza wengi. Katika nchi za Ulaya, ambako maji huganda njiani, oili huwa nzito kama asali ya zamani, na injini huwaka kwa taabu. Pwani ya Malindi haina baridi ya namna hiyo. Hata katika miezi ya kusi, Julai na Agosti, usiku ni nadra kushuka chini ya digrii 20 za Selsiasi. Basi kwa nini pikipiki ya Malindi ilie asubuhi?

Sababu ya kwanza ni kwamba injini imelala. Ikizimwa jioni, oili iliyokuwa juu kwenye valvu huchuruzika polepole usiku kucha mpaka chini ya injini, na huko juu hubaki utando mwembamba tu. Injini inapowashwa, pampu huivuta oili kutoka chini, huipitisha katika chujio, kisha huipandisha tena. Safari hiyo ni ya sekunde chache, lakini katika sekunde hizo vyuma hukutana na ulinzi mdogo. Sehemu kubwa ya kulika kwa injini hutokea wakati huo wa kuamka.

Sababu ya pili ni kwamba vyuma vyote havitanuki sawasawa. Pistoni ni ya aluminiamu, ambayo hutanuka kwa joto kuliko ukuta wa chuma wa silinda, na tena pistoni hupata moto zaidi kuliko silinda. Kwa hiyo mtengenezaji huiachia nafasi ndogo. Asubuhi nafasi hiyo ni kubwa kidogo, na pistoni huyumba na kugonga ukuta. Injini ikipata moto, pistoni hujaa mahali pake na mgongano hukoma.

Kutokana na sababu hizi mbili hupatikana kanuni moja, na mwenye kuishika kanuni hiyo ameshika nusu ya elimu yote. Sauti inayokoma baada ya sekunde chache au dakika moja au mbili, kwa kawaida ni ya kuamka. Sauti inayobaki vilevile, injini ikiwa baridi au moto, huomba kurekebishwa. Na sauti nzito inayozidi kadiri injini inavyopata moto na kubeba mzigo, hiyo ni ya hatari, na chombo kisiendeshwe tena mpaka kifunguliwe.

SIKIO NDILO CHOMBO CHA KWANZA

Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kusikiliza. Huitikisa nazi karibu na sikio ajue kama ina maji. Huligonga fenesi kwa kiganja ajue kama limeiva. Elimu hiyo hiyo yafaa kwa injini, ila yataka utaratibu.

Kwanza, pikipiki itolewe nje kabla ya kuwashwa. Moshi wa petroli una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo huweza kumwua mtu aliyelala katika chumba kilichofungwa. Asiwepo mtu wa kuijaribu injini ndani ya nyumba, hata kwa dakika moja.

Pili, isimamishwe mahali tambarare, juu ya stendi ya katikati, gia ikiwa huru. Iwashwe, isivutwe mafuta kwa nguvu. Wengi hufikiri kwamba kuipigisha kelele injini asubuhi huipasha moto upesi. Sivyo, huko ni kuikimbiza kabla oili haijafika juu. Iachwe ingurume polepole kwa muda wa nusu dakika hivi, kisha iendeshwe kwa upole katika kilomita ya kwanza.

Tatu, sauti itafutwe mahali ilipo. Bisibisi ndefu yatosha: ncha yake huwekwa juu ya chuma cha injini, na mpini huwekwa kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Hapo sauti iliyokuwa imetawanyika hewani husikika waziwazi mahali inapotoka. Mwenye kufanya hivyo ajihadhari na salensa yenye moto, na nguo zake zisikaribie cheni.

Cheni ya taimingi. Hii hulia cha-cha-cha, kama mnyororo mwembamba unaotikiswa ndani ya kopo, na sauti hutoka ubavuni mwa silinda. Kazi yake ni kuizungusha kemshafti inayofungua valvu, nayo hukazwa na kifaa kidogo chenye springi. Ikilia sekunde mbili au tatu kisha ikanyamaza, hakuna la kuogopa. Lakini ikiwa muda huo hurefuka wiki kwa wiki, na sauti hurudi kila mafuta yanapoachiliwa, basi kikaza kimechoka au cheni imerefuka. Jambo hilo lisiahirishwe, kwa kuwa cheni ikiruka meno, valvu huweza kukutana na pistoni, na gharama ya kikaza kimoja ikageuka kuwa gharama ya kichwa kizima. Ikumbukwe hata hivyo kwamba pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata mfano wa Honda CG125 hazina cheni hiyo. Valvu zake husukumwa na vijiti vya chuma, na sauti yake ya kawaida ni ya tapeti.

Tapeti. Hizi hulia ti-ti-ti, juu kabisa kichwani, kwa mpigo mwepesi kama wa cherehani. Baina ya tapeti na valvu huachwa nafasi ndogo sana, kiasi cha unene wa karatasi, na kitabu cha pikipiki hutaja kipimo chake kamili. Nafasi hiyo ikizidi, sauti hukua. Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Kijana asiyependa kelele humwomba fundi azikaze tapeti mpaka zinyamaze kabisa, na injini hutulia kama paka. Baada ya muda nguvu hupungua, kuwasha huwa taabu, na mwisho valvu ya moshi huungua. Sababu ni kwamba nafasi imekwisha kabisa: valvu haifungi sawasawa, na moto hupita katika ufa huo. Tapeti zinazosikika kidogo ni afadhali kuliko tapeti zilizo kimya. Tena hupimwa injini ikiwa baridi, kwa vibati maalumu vya kupimia. Kwa hiyo saa iliyo njema kwa kazi hiyo ni asubuhi, kabla ya safari ya kwanza.

Pistoni. Sauti yake ni ya kati, butu, kama kidole kinachogonga ubao, nayo hutoka katikati ya silinda. Ikikoma injini inapopata moto, pikipiki ya umri mkubwa yaweza kufanya kazi miaka mingi na sauti hiyo. Isipokoma, na ikifuatana na moshi wa buluu na oili inayopungua kila wiki, basi ringi na silinda zimelika na zahitaji kupimwa.

Klachi. Ikiwa pana mchakacho ubavuni mwa injini wakati gia iko huru, mpini wa klachi na uvutwe. Mchakacho ukikoma mara hiyo, chanzo kimepatikana, na si cha haraka. Vilevile wengi hushtuka asubuhi wanapotia gia ya kwanza na pikipiki kuruka mbele kwa kishindo. Hiyo hutokea kwa sababu sahani za klachi zimegandamana kwa oili usiku. Dawa yake ni kuuvuta mpini wa klachi na kuisukuma pikipiki mbele na nyuma mara chache, gia ikiwa ndani, kabla ya kuwasha.

Maungio ya salensa. Pale bomba la moshi linapoungana na kichwa cha injini pana pete laini ya kuziba. Ikichakaa, moshi hupenya kwa mlio wa pf-pf-pf, ambao hudhaniwa kuwa ni wa tapeti. Na kwa kuwa chuma hutanuka kwa moto, mlio huo huweza kukoma baadaye. Masizi meusi kwenye maungio ndiyo ushahidi. Wako waliofungua injini nzima kwa kosa la pete hiyo ndogo.

Konrodi. Hii ndiyo sauti ya kuogopwa. Hutoka chini kabisa, nzito, ko-ko-ko, kama mchi katika kinu unaposikika kutoka nyumba ya jirani. Huzidi pikipiki inapobeba abiria au kupanda kilima, na huzidi injini inapopata moto, maana oili huwa nyepesi na haiwezi tena kuijaza nafasi iliyolika. Dereva akiisikia, azime na aisukume mpaka kwa fundi. Konrodi iliyogunduliwa mapema hubadilishwa. Konrodi iliyokatika mwendoni huweza kuvunja injini yote, na mbaya zaidi, huweza kulikamata gurudumu la nyuma abiria akiwa juu yake.

OILI MOJA, KAZI TATU

Baada ya kuijua sauti, ndipo yafaa kuuliza habari za oili. Katika gari, kwa kawaida injini ina oili yake na giaboksi ina yake. Katika pikipiki hizi za kazi, oili ile ile, kiasi cha lita moja tu, hufanya kazi tatu: hulainisha injini, hulainisha gia, na huzioshea sahani za klachi zinazofanya kazi zikiwa zimelowa ndani yake. Gia huisaga oili na kuipunguzia uzito wake. Klachi nayo yataka oili isiyoteleza kupita kiasi. Kwa sababu hiyo si kila oili njema kwa gari ni njema kwa pikipiki.

Chupa ya oili husomwa kama barua. Neno la kwanza ni daraja la uzito, ambalo huandikwa kwa mfano SAE 20W-50. Herufi SAE ni za chama cha mainjinia wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka wa 1905. Herufi W ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi kali, na nambari iliyo mbele yake hueleza jinsi oili inavyosukumika katika baridi. Oili ya 20W hupimwa kwa digrii 15 chini ya sifuri. Kwa mtu wa Malindi, basi, nambari ya kwanza haina tisho kubwa, maana baridi ya namna hiyo hataiona katika njia zake. Nambari ya pili hupimwa oili ikiwa na joto la digrii 100, nayo ndiyo inayoeleza uzito wake injini inapofanya kazi: 50 ni nzito kuliko 40, na 40 ni nzito kuliko 30.

Ni ipi iliyo njema? Jibu la kwanza liko katika kitabu cha pikipiki. Bajaj ya India imekuwa ikiagiza 20W-50 kwa Boxer zake. Honda imeagiza 10W-30 kwa nyingi ya pikipiki zake ndogo. Tofauti hiyo si ya mchezo. Kila injini ilichongwa kwa nafasi zake, na pampu yake ilipimwa kwa oili yake. Aliyepoteza kitabu amwulize muuzaji wa pikipiki ya aina hiyo, asimwulize jirani mwenye pikipiki ya aina nyingine.

Neno la pili la kutafuta ni JASO MA au JASO MA2. Hiyo ni alama ya kipimo cha Wajapani kilichowekwa mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya pikipiki, nayo hushuhudia kwamba oili hiyo haitaitelezesha klachi. Alama ya JASO MB ni ya skuta na vyombo ambavyo klachi yake haimo ndani ya oili. Nyingi ya oili nyepesi za magari ya kisasa hutiwa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile petroli kidogo. Dawa hiyo ikiingia katika klachi ya pikipiki, sahani huweza kuteleza: injini hupiga kelele, chombo hakiendi, na mlima wa Kaloleni huwa mrefu kuliko ulivyokuwa jana.

Neno la tatu ni API, likifuatwa na herufi mbili. Herufi ya kwanza ikiwa S, oili ni ya injini za petroli. Ikiwa C, ni ya dizeli. Herufi ya pili huonyesha kizazi chake, ambapo SL ni mpya kuliko SJ, na SJ ni mpya kuliko SG. Oili ya lori la dizeli isitiwe katika pikipiki kwa sababu tu ni rahisi. Itumike ile tu ambayo chupa yake inaonyesha pia alama ya MA.

Sasa yaweza kujibiwa ile hoja ya oili nzito. Oili nzito kupita kiasi hukawia kupanda kichwani asubuhi, yaani huzidisha madhara yale yale ya kuamka ambayo mtu alitaka kuyaondoa. Huila nguvu ya injini na petroli ya mwenyewe. Na lililo baya kuliko yote, huifunika sauti ya konrodi kwa wiki chache, mpaka siku ambayo haiwezi tena kuifunika. Aliyetia oili ya giaboksi ya lori ili auze pikipiki inayolia amemwuzia mwenzake hasara. Na aliyeitia katika pikipiki yake mwenyewe amejiuzia.

KIASI, WAKATI NA USAFI

Mara nyingi kosa haliko katika aina ya oili. Kosa ni kwamba oili imepungua. Injini yenye lita moja ikipoteza robo yake, ile iliyobaki hufanya kazi zaidi, huungua upesi, na asubuhi hukawia kufika juu. Kwa hiyo oili itazamwe kila wiki, chombo kikiwa kimesimama wima mahali tambarare, baada ya kuzimwa na kupumzika dakika chache. Pikipiki nyingine zina kidirisha cha kioo ubavuni. Nyingine zina kijiti. Alama ya juu isipitwe, kwani oili iliyozidi nayo hudhuru.

Kuhusu wakati wa kubadilisha, kitabu hutaja kilomita, lakini mwenye kazi azihesabu kwa siku zake. Anayekwenda kilomita 100 kila siku hutimiza 2,000 kwa siku 20. Mwezi haujaisha, na tayari amekwenda mwendo ambao mwenye kutembelea jamaa Jumapili huumaliza kwa mwaka. Vumbi la Ganze na Bamba, na mchanga wa njia za Mambrui, huongeza haja hiyo. Chujio la hewa lililoziba au kupasuka huiingizia injini mchanga ambao hakuna oili iwezayo kuushinda.

Karani naye ana hatari yake. Yeye huenda kilomita mbili mpaka ofisini na mbili kurudi, akadhani oili yake haichakai. Lakini injini yake haipati moto wa kutosha kuukausha unyevu unaotokana na moto wa petroli na hewa ya bahari. Maji hayo hubaki katika oili. Karani asihesabu kilomita peke yake. Ahesabu na miezi, na mara moja kwa wiki aipeleke pikipiki safari ndefu zaidi, kama vile Malindi hata Watamu, ipate kuchemka vizuri.

Oili humwagwa injini ikiwa na joto kidogo, ili itoke pamoja na uchafu wake. Nayo ikimwagika huleta habari. Ikiwa nyeupe kama tui, imeingiwa na maji. Ikinuka petroli na kuwa nyepesi, huenda kabureta inavuja. Ichujwe katika kitambaa cheupe: unga mwembamba unaometa huweza kuonekana katika injini mpya, lakini vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni wito wa fundi.

Oili inunuliwe katika chupa iliyofungwa, kwa muuzaji anayejulikana, kwani wako wanaojaza oili kuukuu katika chupa zenye majina makubwa. Chini ya alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya huwepo nambari ya kibali, ambayo mnunuzi huweza kuiulizia kwa ujumbe wa simu kwenda 20023. Na kila amalizaye chupa aitoboe, asije akaiokota mwenye hila.

Oili iliyotumika isimwagwe mchangani. Katika miamba ya pwani hii maji ya kisima hayako mbali, na kinachomwagwa juu hushuka. Wakulima wengi huipaka miti ya nyumba kuzuia mchwa. Wajue kwamba oili hiyo ina vitu vinavyoweza kuleta saratani ya ngozi vikigusa mwili mara kwa mara. Ihifadhiwe katika dumu, ipelekwe gereji inakokusanywa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

KIJANA WA MARAFA

Yule kijana wa mfano alikuwa na njia mbili. Katika ya kwanza, hununua oili nzito, injini ikanyamaza, naye akasahau. Kikaza cha cheni huendelea kuchoka bila kusikika, mpaka siku moja njiani, akiwa na mgonjwa nyuma yake, cheni ikaruka meno. Mbuzi na korosho za baba yake zikaishia hapo.

Katika njia ya pili, baba huja mjini na mihogo ya kuuza, akalala kwa mwanawe, na alfajiri akasema, "Mwanangu, itoe nje, iwashe, usiivute. Tusikilize kwanza." Kijana huweka bisibisi ubavuni mwa silinda. Sauti ni cha-cha-cha, si ko-ko-ko. Hudumu kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, kisha hukoma. Kidirisha cha oili hutazamwa, nacho ni kitupu. Oili nyeusi humwagwa na kuchujwa; hakuna vipande. Hutiwa oili mpya ya daraja lililoandikwa kitabuni, yenye alama ya MA. Asubuhi ya pili sauti hudumu kwa kuhesabu mpaka nne. Fundi hubadilisha kikaza, na asubuhi ya tatu haisikiki. Gharama yote haizidi mapato ya siku chache, na pikipiki hubaki kazini.

Baba huyo pengine hajui jina la chombo hata kimoja kilichomo ndani ya injini. Alijua tu kwamba kitu kinacholia kina neno la kusema, na kwamba neno husikilizwa kabla ya kujibiwa. Mwenye pikipiki na afanye hivyo kesho alfajiri, kabla ya abiria wa kwanza: aitoe nje, aiwashe kwa upole, na ahesabu. Wahenga walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Mwenye kuyaona mawingu mapema huanua nguo zake zikiwa kavu.